Kabla ya King'amuzi, Bati la Jirani

“Imekuja?”

“Bado! Imeganda!”

“Na sasa?”

“Imerudi. Aa, imeondoka tena. Rudisha pale ulipokuwa, kaka, kidogo tu!”

Anayepita uchochoroni Katoro, Masumbwe au Kagongwa jioni yenye mechi kubwa hakosi kuyasikia mazungumzo ya namna hii. Fundi yuko juu ya bati, spana mkononi. Mama mwenye nyumba amesimama mlangoni, macho kwenye runinga, sauti kwa fundi. Watoto wameshatandika mkeka. Baba yuko pembeni anapiga hesabu: king'amuzi kimelipiwa, dishi limelipiwa, nguzo imenunuliwa, fundi anangoja chake, na kioo bado kinaandika kwamba hakuna mawimbi.

Mara nyingi kosa halikufanyika juu ya bati. Lilifanyika dukani saa chache kabla, pale mnunuzi alipochagua king'amuzi kwa sababu ya tangazo la redioni, au kwa sababu shemeji yake wa Mwanza anacho na kinaonyesha vizuri. Mwanza si Nyarugusu. Mawimbi yanayomfikia shemeji yanaweza yasivuke kilima kinachofuata, na boksi lililokuwa hodari Nyegezi likawa pambo la mezani huku. Mkazi wa ukanda huu wa dhahabu, kuanzia Shinyanga mjini na Kahama, kupita Bukombe na Mbogwe hadi Geita na Chato, ana sababu zake za kuwa mwangalifu kuliko mtu wa Dar es Salaam. Kuna vilima. Kuna umbali mrefu kati ya mji na mji, umeme unaopanda na kushuka, na kazi inayoweza kumhamisha mtu kambi mbili tatu kwa mwaka.

Makala haya ni kwa ajili ya mtu huyo, kabla hajafungua pochi.

Haraka ya kununua ving'amuzi ina historia, na historia hiyo inasaidia kueleza kwa nini watu wengi walinunua vibaya. Mwaka 2006, mjini Geneva, nchi za Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati zilikubaliana kuachana na matangazo ya runinga ya analojia, na siku ya mwisho ikawekwa 17 Juni 2015. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikajipa muda mfupi zaidi: 31 Desemba 2012. Tanzania iliishika tarehe hiyo. Usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 2013 mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilizimwa, mwishoni mwa Januari ikafuata Dodoma na Tanga, na tarehe 28 Februari 2013 ikawa zamu ya Mwanza. Kwa wakazi wa Geita na Shinyanga, Mwanza ndiyo iliyoleta jambo hili mlangoni. Neno king'amuzi, lililotokana na kung'amua, likatoka kwenye vipindi vya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, likaingia sokoni, kwenye daladala na kwenye bajeti ya nyumba.

Kenya haikwenda hivyo. Shirikisho la watumiaji wa bidhaa, COFEK, lilikwenda mahakamani Desemba 2012 likilalamikia gharama ya ving'amuzi kwa mwananchi wa kawaida, na zoezi likasogezwa. Nairobi ilizimwa Februari 2015, na hata hapo vituo vitatu vikubwa vilikaa gizani kwa zaidi ya wiki mbili kwa sababu ya mgogoro na serikali. Marekani ilichagua njia ya kuponi. Kuanzia Januari 2008 kila kaya iliruhusiwa kuomba kuponi mbili za dola 40 kila moja, za kupunguza bei ya boksi. Maombi yakazidi fedha. Mapema Januari 2009 waombaji wapya walianza kuwekwa kwenye orodha ya kusubiri, na serikali ikalazimika kusogeza siku ya kuzima kutoka 17 Februari hadi 12 Juni 2009. Nchi tajiri, na bado watu walikwama kwa sababu wote walitaka kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Tanzania haikugawa kuponi. Mzigo wa boksi, antena na fundi ulibaki kwa mwenye nyumba. Chama cha Wamiliki wa Vyombo vya Habari, MOAT, wakati huo kikiongozwa na Reginald Mengi, kililalamika mapema 2013 kwamba watazamaji wamepungua, kikaomba analojia irudishwe iende sambamba na dijitali mpaka watu wajipange. Haikurudi. Na watu walinunua kama wanavyonunua mafuta ya taa siku ya uvumi wa uhaba: chochote kilichopo, kwa bei inayotajwa.

Leo hakuna tarehe ya kuzimwa inayomkimbiza mtu. Mahitaji hupanda kwa sababu nyingine, na kubwa ni mpira. Azam TV ilipoingia sokoni mwishoni mwa 2013 na kuibeba Ligi Kuu, dishi lilipata sababu mpya ya kununuliwa. Kisha timu za nyumbani zikapanda: Stand United ya Shinyanga ilicheza msimu wa 2014/15, Mwadui ikafuata 2015/16, na msimu wa 2021/22 Geita Gold iliingia Ligi Kuu na mshambuliaji wake George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17. Nani Geita angekubali kuhadithiwa mabao hayo? Lakini Geita Gold ilishuka mwisho wa msimu wa 2023/24, na dishi lililofungwa kwa ajili yake bado linadai kifurushi kila mwezi. Mnunuzi anayefuata ana nafasi ya kutulia.

Atulie aanzie wapi? Kwenye mabati ya mtaa wake.

Ving'amuzi ni vya aina mbili. Kimoja hupokea mawimbi ya mnara wa ardhini kwa antena, kingine hupokea ya setilaiti kwa dishi. Wauzaji wengi hutaja jina la kampuni kwanza, na hapo ndipo mnunuzi hupotea, kwa sababu kampuni moja inaweza kuuza vyote viwili, vikiwa na nembo ileile kwenye boksi. StarTimes ni mfano: kuna cha antena na kuna cha dishi, na kimoja hakifanyi kazi ya mwenzake. Anayesema tu “nipe StarTimes” atapewa kile ambacho muuzaji anacho.

Mawimbi ya mnara husafiri karibu kama mwanga wa kurunzi. Kilima kikisimama katikati, nyuma yake ni giza. Mji uliojengwa bondeni kati ya vilima vya Geita, au kijiji kilichojificha nyuma ya mawe makubwa ya Usukumani, unaweza kuwa karibu na mnara kwa kilomita na bado usipate kitu. Tena dijitali haina huruma ya analojia. Wenye umri wa kukumbuka wanaikumbuka analojia kwa chenga. Antena ilikuwa na mbavu kama mfupa wa samaki, na aliyeikosa alifunga mifuniko ya sufuria kwenye mti mrefu, picha ikaja. Sura ya msomaji wa habari ilikuwa na kivuli pembeni na chenga zilijaa kioo, lakini sauti ilisikika na mtu alilala akijua nchi imeamkaje. Kwa dijitali, mawimbi yakitosha, picha ni safi kabisa. Yakipungua kidogo chini ya kiwango, picha hukatika vipande vipande, huganda, kisha kioo huwa cheusi. Katikati hakuna kitu. Aliyekuwa akipata kwa chenga zamani asidhani boksi litamsafishia picha. Linaweza kumnyima kabisa.

Kwa hiyo mnunuzi atembee mtaani akitazama juu. Nyumba kumi zikiwa na antena, na zote zimeelekea upande mmoja, mnara uko upande huo na mawimbi yanafika. Nyumba kumi zikiwa na madishi matupu, mtaa umeshajibu. Kisha apige hodi mahali.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu.”

“Asante. Samahani, nimeona antena yenu. Mvua ikinyesha picha inaganda? Na kifurushi kikiisha, mnabaki na chaneli zipi?”

Maswali hayo mawili yana thamani kuliko maelezo ya nusu saa ya muuzaji, kwa sababu yule mama hauzi kitu. La kwanza linaonyesha kama mawimbi yana akiba au yanabahatisha. La pili linagusa haki ya mtazamaji, na tutalirudia hapo mbele.

Dishi lina tabia yake. Setilaiti iko juu ya kila mtu, kwa hiyo kilima si kikwazo kikubwa, ila kila kampuni hutumia setilaiti iliyo mahali pake angani. Setilaiti inayobeba Azam iko nyuzi 7 mashariki, mbali sana upande wa magharibi kwa mtu aliye Geita, kwa hiyo dishi lake hutazama magharibi huku limeinua uso. StarTimes ya dishi iko jirani na hapo, nyuzi 5 hivi. DStv iko nyuzi 36, karibu utosini kwetu, na ndiyo maana dishi lake hulala kama beseni lililowekwa kukinga mvua, likakusanya vumbi na majani makavu. Dishi likiwa lile lile, kuhama kampuni ni kulielekeza upya. Muuzaji wa dishi kuukuu anayesema “hili linashika zote” amesema nusu ya ukweli. Linaweza kushika yoyote, likigeuzwa, na likiwa na kichwa chake cha mbele, LNB, kinachofaa.

Kuna jaribio dogo ambalo halihitaji kifaa. Mwezi Machi au Septemba, karibu saa tisa kasoro robo alasiri, jua husimama kwenye sehemu ile ile ya anga la Geita na Kahama ilipo setilaiti ya Azam. Mwenye nyumba asimame mahali anapotaka kufunga dishi. Akiwa kivulini mwa mwembe saa hiyo, mwembe huo utasimama kati ya dishi na setilaiti, na majani mabichi yenye maji ni kikwazo kibaya kwa mawimbi. Miezi mingine jua huhamia kaskazini au kusini na kipimo hakiwi sahihi hivyo, ila inatosha kujua kwamba upande wa magharibi lazima uwe wazi. Mti mdogo nao ukumbukwe. Mparachichi uliopandwa mwaka huu utakuwa juu ya bati baada ya misimu michache.

Baada ya mabati ni umeme. Karibu na karasha za kusaga mawe ya dhahabu, taa za nyumbani hufifia kila mota inapowashwa, na inapozimwa umeme huruka juu. King'amuzi ni kompyuta ndogo. Kilichoungua mara nyingi huwa kimeuawa na umeme wa namna hiyo, na udhamini wa dukani unaweza usigharimie uharibifu huo. Kifaa cha kulinda runinga, kile mafundi wanachokiita gadi, ni sehemu ya bei ya king'amuzi kwa mtu wa Rwamgasa au Mwakitolyo, si anasa ya kununua baadaye. Anayetumia sola ageuze boksi asome maandishi madogo ya nyuma au ya kwenye chaja yake. Yakisema volti 12, king'amuzi kinaweza kuendeshwa na betri ya sola bila invata, ikiwa waya utafungwa na mtu anayejua chanya na hasi. Invata hula sehemu ya umeme wa betri hata kabla runinga haijawashwa, na nyumba yenye paneli moja ndogo inaihisi hasara hiyo saa tatu usiku, taarifa ya habari ikiwa katikati.

Kuhusu runinga yenyewe, uvumi wa 2013 kwamba runinga za chogo zimekufa uliwafanya watu wauze vyombo vizima kwa bei ya kutupa. Chogo hufanya kazi na king'amuzi. Inachohitaji ni matundu ya njano, nyeupe na nyekundu, na king'amuzi chenye matundu hayo hayo, kwa sababu baadhi ya maboksi mapya yana HDMI peke yake. Kinyume chake kipo pia. Anayenunua runinga bapa iliyoandikwa DVB-T2 ana kipokezi cha antena ndani tayari. Asome vizuri ile 2 ya mwisho, kwa maana kipokezi cha DVB-T cha zamani hakisomi mawimbi ya DVB-T2. Na hata chenye 2 kitaonyesha tu chaneli ambazo kampuni haijazifunga kwa kadi. Njia ya uhakika ni kuomba iwashwe hapo dukani, kwenye antena, itafute chaneli mbele ya mnunuzi. Muuzaji anayekataa jaribio la dakika tano huyo aachwe.

Sasa zile chaneli za bure. Mfumo ulipoanza, TCRA ilitoa leseni kwa kampuni tatu za kusambaza mawimbi ya ardhini: Star Media, ambayo ni ubia wa Wachina na TBC na ndiyo yenye StarTimes, Agape Associates yenye Ting, na Basic Transmission iliyokuja na Digitek. Zilibebeshwa wajibu wa kupeleka chaneli za kitaifa zisizolipiwa, kama TBC1, ITV, Star TV, Channel Ten na EATV, na mtazamaji aendelee kuziona hata kifurushi kikiisha. Wengi hawalijui hili. Mama muuza maandazi anaambiwa na kijana wa mtaani kwamba “king'amuzi kimefungwa, lete hela,” naye analipa ili tu aone habari. Kabla ya kulipa, atafute chaneli upya kwa rimoti, kisha apige simu huduma kwa wateja aulize chaneli gani za bure zinapaswa kuwepo kwenye king'amuzi chake cha antena.

Kwa dishi hesabu ilikuwa tofauti, na mwaka 2018 watu waliijua kwa uchungu. Agosti mwaka huo TCRA ilizitaka kampuni za kulipia za dishi, Azam, DStv na Zuku, ziondoe chaneli za ndani zisizolipiwa, kwa maelezo kwamba leseni zao hazikuziruhusu kuzibeba. Familia zilizokuwa na dishi pekee zikajikuta hazina ITV wala Star TV, na wengine wakalazimika kununua king'amuzi cha pili cha antena. Chaneli zilirejea baadaye, lakini somo la vitendo limebaki: orodha ya chaneli iliyochapishwa kwenye karatasi ya matangazo si mkataba. Mtu ambaye roho yake iko kwenye habari na ibada ya Jumapili, na yuko mahali antena inapofika, antena ndiyo inayomfaa zaidi. Mpira ukiwa ndio kila kitu, dishi.

Fedha ihesabiwe kwa mwaka mzima. Tuseme kifurushi ni shilingi 12,000 kwa mwezi. Hiyo ni 144,000 kwa mwaka, na ndani ya miaka mitatu 432,000. Punguzo la shilingi 10,000 kwenye bei ya boksi, linalomfanya mtu apande bajaji haraka kwenda dukani kabla ofa haijaisha, halionekani kabisa kwenye hesabu hiyo. Mchimbaji mdogo hapati mshahara. Duara, yaani shimo lake, likitema dhahabu, fedha anayo. Lisipotema, wiki sita zinapita. Huyu atafute kampuni inayouza vifurushi vya siku au vya wiki, alipe wikiendi ya mechi, na siku nyingine abaki na za bure. Alipe mwenyewe kwa simu, kwa namba ya kadi aliyoiandika ukutani karibu na runinga. Kumpa fundi taslimu “akanilipie” ni kumfungulia mlango ambao si wa lazima.

Mchimbaji ana swali jingine pia, la kuhama. Rashi ya dhahabu ikisikika, kambi ya turubai inasimama ndani ya siku chache mahali ambapo jana palikuwa na ng'ombe. King'amuzi cha antena kilichofanya kazi Kahama mjini kinaweza kuwa bubu huko. Anayejua atahama anunue cha dishi, dishi dogo, nguzo fupi ya chuma ya kuchimbia ardhini badala ya kufunga ukutani, na ajifunze kwa fundi, siku ya kwanza, jinsi ya kulielekeza. Fundi mwema hufundisha. Kazi yenyewe ni ya subira: dishi husogezwa kwa upana wa kidole, kisha mtu husubiri sekunde kadhaa, kwa sababu king'amuzi huchelewa kutambua kilichobadilika. Wengi hulipita lengo kwa kuharakisha.

Wenye vibanda umiza wana jambo lao peke yao. Kifurushi cha nyumbani ni cha nyumbani. Kuonyesha mechi kwa kiingilio kwa kutumia kifurushi hicho ni kuvunja masharti ya kampuni, na kadi inaweza kufungwa watu mia wakiwa wameshakaa kwenye mabenchi. Waulize kuhusu malipo ya biashara kabla hawajajenga banda, wayaweke kwenye hesabu ya kiingilio kama wanavyoweka umeme.

Soko la vikuukuu ni kubwa katika miji ya madini, kwa sababu watu huondoka na hawabebi kila kitu. King'amuzi kuukuu kinaweza kuwa kizuri. Ila kadi yake imesajiliwa kwa jina la mtu fulani, na mtu huyo anaweza kupiga simu kesho akasema kimeibwa. Muuzaji na mnunuzi waende pamoja kwa wakala wa kampuni, jina libadilishwe hapo hapo, fedha zitoke baada ya hapo. Muuzaji akisema hana muda wa kwenda kwa wakala, mnunuzi naye asiwe na muda wa kununua.

Turudi juu ya bati, kwa fundi. Kabla ya kumlipa, aombwe afungue ukurasa wa mawimbi kwenye runinga. Kuna mistari miwili, nguvu na ubora. Wateja hufurahia ule wa nguvu ukijaa, lakini unaweza kujaa huku dishi likitazama setilaiti ya watu wengine. Ubora ndio unaobeba picha. Uwe umetulia, usichezecheze. Ukichezacheza siku ya jua kali, mvua za Novemba zitaumaliza. Waya usipitishwe chini ya bati kwa mkato, wala usiungwe katikati kwa kusokotwa na selotepu. Kiungo cha namna hiyo hunywa maji msimu wa kwanza. Pale waya unapoingia ndani, uachwe uning'inie kidogo kama kamba ya kuanikia nguo kabla ya kuingia ukutani, ili matone yadondokee nje yasifuate waya hadi kwenye boksi. Na risiti iwe ya mashine ya EFD, yenye namba ya king'amuzi iliyoandikwa juu yake kwa kalamu kama mashine haikuitoa.

Risiti hiyo ndiyo itakayozungumza mambo yakiharibika. Malalamiko huanzia kwa kampuni yenyewe, kwa simu na kwa maandishi, na tarehe zake zihifadhiwe. Kampuni isipotatua, mlalamikaji huenda TCRA, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililoundwa kwa sheria ile ile ya 2003 iliyoianzisha TCRA, na kazi yake ni kumsemea mtumiaji. Watu wachache wa ukanda huu hulitumia. Wengi hununua boksi jingine, la kampuni nyingine, na la kwanza huishia juu ya kabati likiwa zima.

La mwisho ni la usalama, na ni zito kuliko yote yaliyotangulia. Eneo lote la Ziwa Victoria lina radi nyingi na kali. Oktoba 2018 radi iliua wanafunzi sita wa shule moja mjini Geita wakiwa darasani. Nguzo ya chuma iliyosimama juu kuliko mabati yote ya mtaa, ikiunganishwa na waya mpaka sebuleni walipokaa watoto, haipaswi kufungwa kienyeji. Nguzo ipelekewe waya mnene wa shaba hadi kwenye fimbo ya chuma iliyozikwa ardhini, kazi ambayo fundi wa umeme huifanya kwa muda mfupi na ambayo wafungaji wengi wa madishi huiruka kwa sababu hakuna aliyeiomba. Basi mwenye nyumba aiombe, na ailipie. Hata hivyo waya wa shaba hauondoi hatari yote. Wingu likianza kukunjamana juu ya vilima, kabla ya tone la kwanza, king'amuzi kizimwe, plagi itoke ukutani, na waya wa antena au dishi ufunguliwe nyuma ya boksi. Radi ikishaanza, asiguse waya huo mtu yeyote, na fundi aliye juu ya bati aitwe ateremke, hata kama amebakiza robo mzunguko wa spana na mechi imeanza.